Weka Mkono Kwenye Hita

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kopo la maji machafu nikaambiwa ninuse. Hiyo ilikuwa Kilosa, kwenye karakana ya shamba la mkonge lililobakiwa na matrekta machache na malori yaliyochoka. Aliyenipa kopo alikuwa Fundi Mkuu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo haikumtoka kichwani hata jua likiwa la kupasua mawe.

"Unasikia harufu gani?"

"Kutu, Fundi Mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho salamu itangulie, kutu ifuate. Na nini tena?"

"Kama oili. Kidogo."

Akawageukia vijana wengine waliokuja kuomba kazi, ambao wote walikuwa wamejibu "maji tu". Akawaambia waende nyumbani. Mimi akanirushia kitambaa cha kufutia mikono.

Nasema wazi, sijisifu bure. Babu yangu aliletwa Kilosa na reli, baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na mimi shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenishika mkono. Pua yangu na masikio yangu ndivyo vilivyonilisha na kunijengea nyumba ya bati na sakafu ya simenti. Kuanzia Kidodi mpaka Dumila, dereva akiona gari lake linapoteza maji na haoni yanakotoka, aliambiwa: mtafute Fundi Maji. Fundi Maji ndiye mimi.

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii siku hizi mnachomeka kimashine, kinawaandikia ugonjwa kwenye simu. Sawa. Ila magari mengi ya huku kwetu ni yale ya zamani, yaliyotumika ughaibuni, yakatumika Dar, yakatumika Morogoro, ndipo yanatufikia sisi. Hayo hayana mahali pa kuchomeka kitu. Hayo lazima uyasikilize.

Fundi Mkuu alinifundisha hivi. Ndani ya injini kuna moto, na maji ndiyo yanayoubeba ule moto kuutoa nje. Wota pampu inayasukuma, yanazunguka kwenye chuma, yanakwenda mbele kwenye rejeta kupozwa na upepo wa feni, yanarudi tena. Kuna tawi moja dogo la maji hayohayo linalopita nyuma ya dashibodi, kwenye kirejeta kidogo kama kitabu. Hiyo ndiyo hita. Kule kwenye baridi, watu wanaifungulia ipulize hewa ya moto miguuni. Huku kwetu wengi hawajui hata kama ipo.

"Gari halinywi maji," alikuwa akisema Fundi Mkuu. "Ng'ombe ndiye anakunywa maji. Gari likipungukiwa, maji yametoka. Tafuta mlango."

Na milango ni mitatu. Wa kwanza ni wa nje: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, pampu inayotoa machozi. Huo hata mtoto anauona, tandika boksi chini ya gari asubuhi utaona limelowa wapi. Wa pili ni kwenye silindahedi, kifuniko cha juu cha injini, gasketi yake ikiungua. Maji yanaingia kwenye moto na kutoka kwa nyuma kama moshi mweupe, au yanachanganyika na oili mpaka inakuwa kama chai ya maziwa. Wa tatu ndio unaowashinda mafundi wengi, maana maji yanatoka ndani, kwa abiria. Hita imetoboka. Zulia linalowa upande wa kushoto, kioo cha mbele kinafanya ukungu wenye mafuta ambao ukiufuta unarudi, na mwenye gari anaapa kwamba ni mvua iliingia dirishani. Muulize mvua hiyo ilinyesha lini.

Shamba lilipofunga karakana, nilihamia Mikumi, kwenye gereji kubwa ya pale barabara kuu, malori yanakopumzika. Hapo mkubwa wangu alikuwa Mkuu wa Gereji, mtu mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kutukana, aliyependa gari litoke. Hakuwa mtu wa kuuliza kama limepona. Alipenda kuona uwanja wake mtupu jioni, ajisifu kwa madereva kwamba kwake gari halilali. Mimi na yeye tulikuwa tunanuniana, ila alinihitaji. Nilikuwa nimebuni chombo changu mwenyewe: mfuniko wa zamani wa rejeta, nikauchomelea valvu ya tyubu ya baiskeli. Nafunga ule mfuniko, napiga upepo kwa pampu ya baiskeli, injini ikiwa imezimwa na imepoa, halafu nakaa kimya nasikiliza. Upepo ukisukuma maji, penye tundu patasema. Wenzangu walinicheka, "Fundi Maji anapima presha kama daktari!" Baadaye wote wakachonga vya kwao.

Kwenye gereji hiyo palikuwa na desturi moja, na bado ipo kwa mafundi wengi wa ukanda wetu wenye joto. Hita ikitoboka, haitengenezwi. Inakatwa. Unachomoa mipira yake miwili, unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yanapita juu kwa juu bila kuingia ndani. Nami nilizikata nyingi. Ukiunga vizuri gari linakwenda. Lakini kuna kitu unakuwa umekiondoa, na hicho ndicho ninachotaka mkijue.

Mzee Kibwana alikuwa mkulima wa miwa kule Kidodi, na alikuwa na stesheni wagoni nyeupe ya kubebea abiria mpaka Mikumi. Siku moja akaingia gereji akiwa mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Kibwana."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu linakunywa maji."

"Gari halinywi maji, mzee."

"Basi kuna jini linakunywa. Kila nikifika Ruaha najaza kidumu kizima, na chini ni pakavu."

Nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji yalikuwa ya njano, mazito, yananukia jikoni. Nikachovya kidole nikanusa.

"Mzee, hili ni gari au sufuria la pilau?"

Akacheka kwa aibu. "Madereva wa Dumila waliniambia. Ukitia manjano ya unga kwenye rejeta, yanaziba tundu. Na kweli yaliziba, mwanangu. Mwezi mzima sikuongeza maji."

Kosa hili ni letu wenyewe, hamtalikuta kwenye kitabu cha Mjapani. Manjano, pilipili manga, ute wa yai, kila dereva ana dawa yake. Na kweli inaziba kwa muda, kwa sababu unga unakwama kwenye tundu. Lakini unga hauchagui. Unaziba pabaya na pazuri pamoja, na rejeta ina vijibomba vyembamba kuliko mrija wa soda. Maji hayapiti, moto unaongezeka, presha inapanda, na siku ile tundu linafunguka tena, gari limekwisha kuwa gonjwa mara mbili.

Nikainua zulia la kushoto. Limelowa, la njano, linanuka. Nikafunga mfuniko wangu, nikapiga pampu, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Sss. Hita. Kazi ambayo mafundi wawili wa Kidodi walishindwa, wakamfungulia mzee silindahedi bure, mimi niliimaliza kabla chai haijapoa.

Mzee akashusha pumzi. Ndipo akaniambia shida yake hasa. Binti yake Zaina alikuwa na mimba kubwa. Mimba ya kwanza alipasuliwa, mtoto hakukaa. Safari hii daktari alisema asithubutu kuzalia Kidodi wala Mikumi, aende Morogoro mapema, hospitali kubwa, akasubirie huko. "Kesho asubuhi nampeleka," mzee akasema. "Kwenye basi sitaki akae, anatapika, na mabasi yanakimbia. Nataka nimwendeshe mwenyewe taratibu. Hili gari litafika?"

"Ukiniachia kesho nzima, litafika."

Nilikuwa na sababu. Ukiziba tundu moja kwenye gari kuukuu, presha iliyokuwa inatokea pale inakwenda kutafuta mahali pengine palipo dhaifu. Ile rejeta ilikuwa imejaa unga nusu, na tanki lake la juu lilikuwa la plastiki iliyokwisha kuwa ya kahawia. Nilitaka kuing'oa, kuizibua, halafu kulipandisha gari mlima mmoja na kulirudisha nilipime tena. Hiyo si kazi ya jioni moja.

Mkuu wa Gereji alikuwa anasikiliza, anakula karanga.

"Kata hita, mpe mzee gari lake."

"Bosi, rejeta ina uchafu. Nipe siku moja."

"Hita imetoboka, umeiona mwenyewe kwa baiskeli yako. Kata. Kwani Mikumi hapa nani anaota moto?" Akageuka kwa mzee. "Mzee wangu, gari limepona. Huyu fundi akiachiwa atakutafutia ugonjwa mpaka wa siti."

Watu wakacheka. Mzee Kibwana alinitazama, akamtazama Mkuu wa Gereji. Mwenye gereji ni mwenye gereji. Akasema, "Basi nifanyieni hivyo, wanangu."

Nikakata hita. Niliunga kwa mpira mzuri na klipu mpya, kazi yangu haikuvuja wakati ule wala baadaye. Nikamwaga yale maji ya manjano, nikasuuza nilivyoweza bila kung'oa, nikajaza mapya. Mzee alipokaa kwenye usukani nikainama dirishani kumweleza.

"Mzee, tazama huu mshale wa joto. Ukipanda, simama. Na jambo la pili, sasa hita haipo, kwa hiyo..."

"We Fundi Maji!" Mkuu wa Gereji alipiga kelele akiwa chini ya lori. "Acha kumtisha mzee wa watu, ana mgonjwa. Njoo ushike hii jeki."

Mzee akaniambia, "Nimeelewa mwanangu, mshale." Akaondoka.

Jambo la pili ambalo sikumaliza ni hili, lisomeni polepole. Ule mshale hausomi chuma. Unasoma maji. Kisoma joto kimezama kwenye maji, na maji yakichemka mshale unapanda. Lakini maji yakiisha kabisa, kile kidude kinabaki hewani, na mara nyingi mshale unarudi chini. Dereva anaona limepoa, kumbe hapo ndipo injini inaungua. Atakayekwambia ukweli ni hita. Iwashe kwenye alama nyekundu, weka mkono. Ikipuliza moto, maji yapo na yanazunguka. Ikipuliza baridi wakati injini ina moto, zima gari hapohapo. Ukiwa umeikata, umebaki na mshale peke yake, na mshale unadanganya.

Sikuwepo kwenye gari. Aliyenieleza ni Mzee Kibwana, siku gari lilipokokotwa kurudishwa gerejini.

Waliondoka asubuhi, yeye, Zaina, na shangazi yake Zaina wa kumshika mkono. Walipita Mikumi bila kusimama. Ndani ya mbuga Zaina akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mzee akakanyaga mafuta. Mshale ukaanza kupanda. Mnaijua ile barabara: lami inakatisha katikati ya hifadhi, tembo na nyati wanavuka wanapotaka, simba wapo kwenye nyasi, na hairuhusiwi kushuka. Akawa anajiambia, nikisimama hapa nitafungua boneti vipi? Akapunguza mwendo kidogo, anaomba Mungu huku anautazama mshale.

"Halafu ukashuka, fundi," akaniambia. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, kanzu ina vumbi. "Ulishuka wote, mpaka chini kabisa. Nikasema Alhamdulillah. Nikamwambia Zaina, mama vumilia, gari limepoa. Nikaongeza mwendo."

Injini ilinoki katikati ya tambarare, chuma kiliganda na chuma. Kundi la nyati lilikuwa karibu na barabara. Mzee alipunga kanga ya shangazi dirishani, magari yakapita. Ndani ya mbuga watu hawasimami ovyo. Mtoto alizaliwa kwenye siti ya nyuma, alikuwa wa kiume, na hakulia. Lori lililobeba magunia ya vitunguu ndilo lililosimama mwishowe, dereva na tingo wake wakambeba Zaina kwa kanga. Morogoro walimwokoa yeye. Kizazi walikitoa.

Nilikuwa nimekwisha fungua boneti. Tanki la plastiki la rejeta lilikuwa limechanika kwenye mshono, ufa wa urefu wa kidole. Mpira wangu wa hita ulikuwa mkavu na mzima.

Mzee akauliza, "Fundi, kwa nini mshale ulishuka?"

Mkuu wa Gereji alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa anacheka. Akaninong'oneza, "Mwambie ni kazi ya Mungu. Tafadhali. Mwache mzee alale."

Nilimwangalia Mzee Kibwana. Alikuwa ameendesha magari tangu mimi sijazaliwa. Hakuniuliza habari za Mungu, alikuwa anazijua kuliko mimi. Aliniuliza habari za mshale. Nikamwambia. Nikamwonyesha kisoma joto kinapokaa, na maji yanapofika, na yanapokuwa hayapo, na jinsi hita ingemwonya.

Malori yalikuwa yanaunguruma barabarani.

"Kwa hiyo wakati nasema Alhamdulillah..."

"Ndiyo, mzee. Maji yalikuwa yamekwisha."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia," akainuka, akaenda kusubiri gari la Kidodi. Hakunilaumu, na hakuja tena gerejini. Ile stesheni wagoni ilikatwa ikauzwa vyuma chakavu.

Nilikuwa sahihi tangu mwanzo, hilo hakuna wa kunibishia, na wote waliokuwepo pale wanajua. Lakini nawaambieni, kuwa sahihi ndani ya gereji ya mtu mwingine ni kama kujua kuogelea ukiwa nchi kavu. Siku ileile nilifunga chombo changu cha mfuniko kwenye kitambaa nikaondoka. Nikasimamisha nguzo nne na mabati upande wa pili wa barabara, nikaandika bango mwenyewe kwa rangi: HATUKATI HITA. Herufi zilipinda, lakini zilisomeka.

Walinicheka sana. "Fundi Hita! Mikumi yote tanuri, wewe unauza moto?" Mwingine anapita na lori anapaza sauti, "Nipashie ubwabwa, fundi!" Sikujali. Hita iliyotoboka niliichomelea, au niliagiza iliyotumika kutoka Dar kwa basi, mwenye gari asubiri. Na hakuna gari lililotoka kwangu kabla dereva hajawasha hita nikamshika mkono nikauweka kwenye tundu la hewa. "Hii ndiyo hali yake ikiwa na maji. Ukumbuke kwa ngozi, usikumbuke kwa macho." Waliotokwa jasho na kunung'unika niliwaacha wanung'unike. Magari yakaongezeka mpaka nikahamisha uzio. Mkuu wa Gereji naye, kabla hajauza uwanja wake na kurudi kwao, aliniletea gari la mkewe. Hatukusalimiana kwa maneno mengi. Akasema tu, "Angalia na hita."

Kilichonistaafisha si umri, bado nina nguvu. Dereva mmoja aliyechelewa alitaka kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa inachemsha. Nilimkataza, akauzungusha. Nikawahi kuuweka mkono wangu wa kulia juu ya ule mfuniko, uso wake ukapona. Mkono wangu ukaungua mpaka kiwiko. Umepona kwa kuutazama, unashika kijiko, unashika jembe. Lakini hauna hisia. Nikigusa sufuria jikoni, mke wangu ndiye anayepiga kelele. Na wa kushoto nao, miaka ya petroli na asidi ya betri imeufanya kama ngozi ya ngoma. Fundi wa maji asiyejua moto na baridi kwa mkono afanye nini gereji? Nikawaachia wenzangu mabati na uzio. Bango nimewaambia wasilipake rangi upya, wasije wakalinyoosha.

Basi juzi Mzee Kibwana alikuwa anapelekwa Morogoro kutazamwa macho. Yeye sasa haoni vizuri. Zaina alikodi gari la jirani, akapita kwangu bila taarifa. Hatukuwa tumezungumza tangu mambo yale, ila salamu za msibani tu.

"Shikamoo, kaka. Baba amesema hapandi gari bila wewe kulitazama."

Nikalitazama. Nikaona bora niende nao kabisa. Nilikaa mbele na dereva, wao nyuma. Tulipoingia mbugani, nyasi zikiwa zimeungua nyeusi huku na huku, nikamwambia dereva afungue hita.

"Mzee wangu, na joto hili?"

"Fungua."

Akafungua. Feni ikavuma. Nikaweka mkono wangu wa kulia kwenye tundu, nikasubiri. Sikusikia kitu. Nikaweka wa kushoto. Nilihisi upepo unagonga, lakini ni upepo wa namna gani, sikujua. Mshale ulikuwa umetulia katikati, na mimi ule mshale siuamini. Jasho likaanza kunitoka, sijui ni la hita au la kitu kingine. Nyuma Mzee Kibwana akauliza, "Vipi, fundi?" Nikarudisha wa kulia kwenye tundu.

Mkono wa Zaina ukapita katikati ya siti, ukapita juu ya wangu, ukakaa kwenye hewa. Aliuacha pale, vidole vimefunguka, mpaka tukaipita ile tambarare ambayo yeye na baba yake wanaijua na mimi nimesimuliwa tu.

"Moto," akasema. "Ni moto, baba. Maji yapo."